Njia ya baiskeli Morogoro Road, nyota 3 kwa 5

Jamani kama unakaa Kimara au Ubungo na una baiskeli hebu ipite hii njia ya pembeni ya mwendokasi, ipo tangu mabasi hayo ya mwendokasi yaanze kazi 2016 na Dar ikabeba tuzo ya kimataifa ya usafiri 2018 ila wengi bado wanaichukulia kama pambo tu. Daladala haikubani, na waenda kwa miguu nao wana sehemu yao. Kinachoniuma ni bodaboda, foleni ikikaza wanaingia humo humo wengine wanapaki kabisa, we mwenye baiskeli unarudi kwenye magari! Wekeni vizuizi. Na miti basi, saa saba mchana jua linachoma hatari, hata miarobaini tu inatosha. Asubuhi ndo tamu.