Mapitio ya nota: mbiu ya bendera iliyoshuka kutoka mbinguni

Bendi ya wapenzi wa muziki ninayoipigia tromboni hapa Copenhagen ilinunua nota za mbiu fupi ya sherehe, iliyotungwa kutokana na hadithi ya Dannebrog, bendera ya Denmark, ili tuipige wakati wa kupandisha bendera tarehe 15 Juni, siku ambayo Wadani huiita Valdemarsdag. Tuliifanyia mazoezi kwa wiki sita, na sasa naweza kuwaeleza wanabendi wenzangu ubora wake na kasoro zake.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1219, jeshi la Mfalme Valdemar wa Pili lilipokuwa likipigana na Waestonia huko Lyndanisse, mahali ulipo leo Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Inasimuliwa kwamba Askofu Mkuu Anders Sunesen aliinua mikono kuomba, na kila mikono hiyo iliposhuka kwa uchovu Wadani walirudi nyuma, mpaka bendera nyekundu yenye msalaba mweupe ikaanguka kutoka mbinguni na vita vikageuka.

Mtungaji ameijenga kazi yake juu ya mikono hiyo. Matarumbeta yanapanda hatua kwa hatua, kisha yanalegea, na kila yanapolegea tuba na ngoma kubwa husogea karibu zaidi, hata msikilizaji asiyeijua hadithi huhisi kwamba kuna mtu anaelemewa. Ni mara ya tatu tu ndipo matarumbeta yanafika juu na kukaa. Hapo nilitarajia matoazi, kwa sababu ndivyo watungaji wengi wa muziki wa gwaride wangefanya. Badala yake bendi nzima inanyamaza, na filimbi ndogo pamoja na klarineti mbili zinateremka polepole, kwa sauti ndogo, kama kitambaa kinachobebwa na upepo. Katika miaka yangu yote ya kupiga muziki wa sherehe sijakutana na vipimo vinane (vipande vifupi vya mapigo ambavyo nota hugawanywa) vilivyonigusa kama hivyo.

Ugumu wa kazi kama hii ni kwamba katika hadithi bendera inashuka, ilhali katika sherehe inapanda. Mtungaji ameliona jambo hilo na kulitatua kwa ustadi: sauti zilezile zilizoteremka zinageuzwa, zinapewa matarumbeta, na kupanda kwa mwendo uleule, ili bendera ifike kileleni mwa mlingoti pamoja na sauti ya mwisho.

Kasoro zipo. Kwa desturi ya Denmark bendera haipandishwi kabla ya saa mbili asubuhi, na mara nyingi hupandishwa saa hiyohiyo; kumwandikia mpigaji wa tarumbeta ya kwanza sauti ya juu kabisa tangu kipimo cha pili, midomo ikiwa bado haijapata joto, ni kumtwisha mzigo usio wa lazima. Katika karatasi ya tromboni ya pili alama moja ya kushusha sauti imesahaulika, na tulipoteza nusu saa ya mazoezi kabla ya kugundua kosa lilikuwa wapi. Linaloniudhi zaidi ni dibaji, inayoisimulia hadithi kana kwamba ni tukio lililothibitishwa, ingawa masimulizi yake yaliyoandikwa yanaonekana katika karne ya 16, yapata miaka 300 baada ya vita. Vijana wa bendi wanastahili kuambiwa hivyo, na muziki haupungukiwi na chochote kwa ukweli huo.

Vilevile Waestonia, waliokuwa wakiilinda nchi yao, hawakupewa ila ngoma za kutisha. Ukizingatia kwamba Tallinn mpaka leo kuna bustani iitwayo Bustani ya Mfalme wa Denmark, na kwamba jina la mji huo hufasiriwa mara nyingi kuwa ngome ya Wadani, ningependa nao wapate japo kipande kifupi cha wimbo wao wenyewe.

Hata hivyo ninazipendekeza nota hizi kwa bendi yoyote yenye wapigaji watatu imara wa tarumbeta na klarineti zinazoweza kupiga kwa sauti ndogo bila kuyumba. Atakayevuta kamba ya bendera aalikwe kwenye mazoezi mawili ya mwisho, kwani wa kwetu hakualikwa, na bendera yetu ilifika juu vipimo vinne kabla ya matarumbeta.