Omega Centauri: lenzi ndefu au darubini?
Kila Juni, Omega Centauri inapofika juu kabisa upande wa kusini mnamo saa tatu usiku, mjadala huu wa kifaa cha kuipigia picha hurudi kwetu Uganda. Lengo ni tufe la nyota zipatazo milioni 10, pana angani kama mwezi mpevu.

Kwa gharama, lenzi ya milimita 300 inashinda. Kama una kamera tayari, unaongeza tu kimota cha kufuatisha nyota, na Jumamosi lenzi ileile inapiga harusi. Darubini ya inchi 8 inadai mtambo mzito wa kuibeba na kuizungusha, betri na gari.

Ila kwenye kiini cha tufe, darubini haina mpinzani: hupambanua nyota mojamoja pale lenzi inapoacha doa jeupe. Picha hizo nazipenda mno!

Ugumu wetu ni Ikweta. Nyota ya Kaskazini iko kwenye upeo, nyuma ya vilima na ukungu, hivyo kuulinganisha mhimili wa kimota au mtambo na ule wa Dunia ni kazi. Lenzi huvumilia kosa dogo. Darubini huzigeuza nyota kuwa vistari.

Unyevu wa ziwani huotesha kuvu kwenye lenzi. Vioo vya darubini hulegea kwa barabara mbovu.

Mpangaji wa Kampala anayesafiri kutafuta giza, lenzi itamfaa. Mwenye ua wenye giza kijijini Mbarara, afikirie darubini.