Weusi chini ya ukucha wa mguu: damu iliyovilia au melanoma (aina ya saratani ya ngozi)?

Damu iliyovilia huja baada ya kujikwaa au kubanwa na kiatu. Doa husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, na nyuma yake huonekana ukucha msafi. Kwenye kidole gumba huweza kuchukua mwaka kuisha.

Melanoma haisogei. Mara nyingi ni mstari unaoanzia kwenye shina la ukucha, ukapanuka, kisha weusi ukaingia kwenye ngozi ya pembeni. Dalili hiyo naiogopa kuliko zote. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mistari kwenye kucha kadhaa ni kawaida. Mmoja mpya unaopanuka si kawaida, hata kama uliumia: kidonda cha Bob Marley kwenye kidole cha mguu kilidhaniwa ni cha kuumia akicheza mpira, kumbe melanoma, iliyogunduliwa 1977. Alifariki 1981. Jibu la uhakika hutoka maabara, daktari akishakata kipande kidogo cha nyama hapo ili kipimwe.