Tesoro yangu kuukuu, na yule fundi wa Arusha

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia watu wasinunue ditekta ya metali iliyotumika, ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini, hasa ya Tesoro. Kampuni yenyewe ya kule Arizona ilifungwa mwaka 2018. Ile dhamana ya maisha waliyokuwa wakiitoa ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza tu, na sasa hata huyo wa kwanza hana pa kwenda kulalamika. Ikiharibika ni wewe na fundi wa mtaani. Na fundi wa mtaani ndiye aliyeninyima usingizi.

Yangu ilikatika waya wa koili, ile sahani ya chini, pale pale waya unapoingilia. Ikakatika wiki ambayo mama mdogo alikuwa amenikubalia nipite kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu babu, Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, kabla hawajamwaga zege la nyumba mpya. Nikaibeba hadi Arusha kwa fundi wa redio niliyeelekezwa. Nikasalimia vizuri. Akaichukua, akaigeuza-geuza, kisha akawageukia wateja waliokaa kwenye benchi: "Mzee anatafuta rupia za Mjerumani!" Wakacheka wote. Chalii wake naye akadakia, "Na zebaki unayo, mzee?"

Asiyekaa huku hawezi kujua neno rupia linachoma vipi. Kwetu mtu wa rupia ni tapeli. Ndiye anayepita kwa watu akisema kuna sanduku la Mjerumani limefukiwa hapa, toeni hela ya dawa, ya zebaki, tulifukue, na watu wanauza ng'ombe. Wamelizwa watu wazima, wengine ndugu zangu wa damu. Mimi sijawahi kumuuzia mtu kitu kilichotoka ardhini. Napita kwenye ardhi ya familia, kwa ruhusa ya wenyewe, na ile Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 naijua, mabaki ya kale hayachimbuliwi bila kibali. Leo niitwe tapeli mbele za watu, na mtu niliyempelekea kazi!

Nikameza. Nikaacha shilingi 35,000 kwa sababu sikuwa na fundi mwingine. Njoo kesho, njoo kesho kutwa. Siku ya kukabidhiwa nikakuta amekata kipande kizima cha waya, kama shubiri mbili, na ncha zilizobaki amezisokota pamoja na kuzifunga kwa utepe mweusi. Ndani ya waya ule kuna nyuzi zinazopeleka umeme kwenye koili na nyuzi zinazorudisha ishara, na zina kinga ya wavu mwembamba ili zisiingiliane. Yeye kinga zote kazikusanya fundo moja na uzi wa ishara. Nikawasha pale pale dukani, mashine ikapiga kelele hewani, haijanusa hata udongo. Akaniambia, "Si umesikia inalia? Imepona hiyo." Kipande alichokata nikakiomba. Akasema kitatafutwa.

Sasa nije kwenye mashine, maana ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Aliyeniuzia alinipa na koili ndogo ya inchi 7. Nilikuwa siitumii kwa sababu inapita eneo dogo mno. Siku iliyobaki kabla ya zege nilikuwa na hiyo tu. Mama mdogo akanionyesha lilipokuwa jiko la zamani, nyuma ya migomba, mahali ambapo kila mtu aliyepita anakimbia kwa uchafu: misumari ya mabati, vizibo vya soda, betri za redio zilizooza, vipande vya sufuria. Udongo wenyewe ni ule mwekundu wa mlimani uliojaa chuma.

Watu wengi wakifika mahali kama pale wanapandisha kichujio, kile kitufe cha kunyamazisha vyuma visivyotakiwa, hadi juu ili wapate utulivu. Hapo ndipo wanapopoteza. Heller, sarafu ndogo zenye tundu za enzi ya Mjerumani, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na mashine inazisikia karibu sawa na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ukiichuja karatasi, umeichuja na heller. Mimi nilishusha hadi msumari mdogo uliponyamaza tu, basi. Na koili ndogo haioni vitu vingi kwa pamoja, kwa hiyo inapenya katikati ya msumari na msumari.

Nikasikia mlio mfupi, umekatika katikati. Nikazunguka robo, ukapotea. Nikarudi pale nilipoanza, ukarudi. Binamu yangu alikuja na mashine yake mpya yenye kioo cha namba, akapita pale pale, ikamwandikia chuma. Akasema achana nayo. Lakini mlio unaosikika upande mmoja tu kwenye uchafu unaweza kuwa msumari peke yake, na unaweza kuwa sarafu iliyolala ubavuni mwa msumari. Nikachimba. Ukatoka msumari wa mabati, umepinda. Nikapitisha koili tena kwenye shimo, na safari hii ukalia mlio mpana, kila upande. Kwenye kidonge cha udongo, kiasi cha kiganja chini, kulikuwa na duara lenye tundu. Nilipolisugua kwa kidole likaonekana taji juu ya tundu, na chini yake 1909. Heller 10. Mikono ilinitetemeka.

Kwa hiyo nafuta nilichosema mwanzo. Nunua. Betri moja ya volti 9, hakuna kioo, sauti moja tu, na masikio yako. Hapana, ngoja, usinunue kama huna koili ya akiba mkononi, maana hiyo ikikatika huna duka la kukimbilia, na utaishia kwenye benchi kama lile. Lakini mimi yangu siuzi, hata kwa bei ya mpya mbili.

Mama mdogo aliipangusa kwa ncha ya kanga, akaitazama kimya muda mrefu. Akasema babu alikuwa na kamba nzima ya senti kama hizo, ikakatika siku moja akiwa anatoka jikoni. Zege limesogezwa wiki mbili. Jumamosi nakwenda Arusha, siyo kwa ajili ya ile 35,000. Nakwenda kudai kipande changu cha waya, na nitaivaa ile heller shingoni kwa uzi, aione.