Swichi ya mbele-nyuma kwenye mota ya fezi moja: uzoefu wangu

Nazungumzia ile swichi ya kuzungusha kwa mkono yenye nafasi tatu: mbele, sifuri katikati, nyuma. Niliichukua Gerezani, Dar es Salaam, kwa ajili ya mashine ya kukereza mbao inayotumia mota ya fezi moja (umeme wa waya mbili, fezi na nyutro) yenye kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji na kusaidia mota kuanza. Kwa uimara sina neno. Mkono wake unakaa sawasawa kwenye kila nafasi na skrubu zinabana waya vizuri.

Kinachokera ni mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko. Ni wa fezi tatu, ambako ukipishanisha nyaya mbili zozote mota inageuka. Muuzaji aliniambia, "Fuata mchoro tu, kaka." Kwa mchoro ule mota iliwaka vizuri, lakini mbele na nyuma zote zilizunguka upande mmoja.

Nilipopima swichi kwa multimeta, ilikuwa inapishanisha kama inavyotakiwa. Shida ni kwamba kwenye fezi moja, ukipishanisha fezi na nyutro unageuza koili zote mbili za mota, ya kuanzia na ya kuendeshea, kwa mpigo, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Inayotakiwa kugeuzwa ni koili ya kuanzia peke yake, ile yenye kapasita. Hapo mota lazima itoe nyaya nne. Yangu ilitoa tatu, maana ncha mbili zilikuwa zimeungwa humo ndani. Fundi wa kusuka mota aliifungua, akakata kiungo, akatoa waya wa nne. Kama hujui koili ipi ni ipi, pima omu: ya kuanzia kwa kawaida inasoma juu zaidi. Na kapasita itoe chaji kwanza, inapiga hata plagi ikiwa imechomolewa.

Baada ya hapo, kwenye njia tatu za swichi (kila njia ina skrubu ya kuingia na ya kutoka): fezi inaingia njia ya kwanza na ya pili, nyutro ya tatu. Koili ya kuendeshea inapata fezi kupitia njia ya kwanza na nyutro moja kwa moja. Ya kuanzia inakaa kwenye njia ya pili na ya tatu, zile zinazopishana. Erthi haipiti kwenye swichi, inafungwa kwenye bodi ya mota.

Sasa inageuka, ila lazima usubiri isimame kabisa. Mota ikiwa kwenye kasi, swichi yake ya ndani imeshaikata koili ya kuanzia, kwa hiyo hata uzungushe mkono itaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda. Na kama chaki yako (kile kishikio cha mbao kwenye mashine) ni ya kuzungushwa kwenye nyuzi za skrubu, nyuma inaweza kuifungua ikachomoka, hivyo mimi natumia nyuma kwa kupiga msasa tu, tena taratibu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, mashine inaanza yenyewe. Ilibidi niongeze swichi ya sumaku mbele yake, ile inayojikata umeme ukipotea na haiwaki tena mpaka uibonyeze, na hiyo bei yake ilizidi ya swichi yenyewe.