Kinoo cha wembe: kabla ya kusoma namba, weka rula

Kwa wiki tatu nilidhani mkono wangu ndio mbovu. Nilikuwa nimenunua kinoo cha rangi mbili, kipya kabisa, upande mmoja kimeandikwa 3000 na mwingine 8000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi), na kila jioni nilikaa nacho mezani nikinoa wembe wa kukunja wa mume wangu. Kisigino cha wembe, yaani upande wa karibu na mpini, kilinyoa nywele za mkono wangu bila shida. Ncha nayo vilevile. Katikati, pale panapofanya kazi kubwa shavuni, nywele zililala tu, wembe ukapita juu yake, zikainuka tena.

Siku moja nikaweka rula ya chuma juu ya kile kinoo, nikakiinua mbele ya dirisha. Mwanga ukapenya chini ya rula, katikati, kama unavyopenya chini ya mlango. Jiwe jipya lilikuwa na bonde.

Tangu nilipolisimulia hilo, malalamiko ya wasomaji yananifikia yakiwa na maneno yaleyale: "Ncha inakata, katikati hakuna kitu." Na karibu kila mmoja anamalizia kwa kuuliza kama anunue namba kubwa zaidi. Jamani, hapana. Wekeni rula kwanza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe nakubali. Kwa kinoo cha wembe sikubali hata kidogo, na sababu ni hii. Ukinoa kisu, mkono wako ndio unaoshika pembe. Jiwe likiwa na bonde unainua kidogo, unashusha kidogo, mambo yanakwenda. Wembe wa kukunja haushikiwi pembe. Unaulaza, mgongo na makali vyote viwili vinagusa jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaopanga pembe, kwa kawaida kiasi cha nyuzi 16 au 17. Mkono unasukuma tu. Maamuzi yote ni ya jiwe. Jiwe likiwa limebonyea katikati ya upana wake, kisigino na ncha ndivyo vinavyosagwa. Likiwa limevimba, ni katikati ya wembe tu. Na mteremko wa makali wenyewe, ule ukanda uliosagwa kandokando ya makali, mara nyingi haufiki upana wa milimita 1, kwa hiyo nafasi ya unene wa unywele inatosha kabisa kuharibu kazi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kununua si kinoo. Ni cha kusawazishia kinoo. Mimi natumia bamba la almasi la Atoma namba 400, na lile la DMT namba 325 linafanya kazi hiyohiyo. Ukishindwa bei, chukua kioo kinene na msasa wa maji wa namba 220 hadi 400, ulaze juu yake ukiwa umelowa. Chora vimistari vya penseli uso mzima wa jiwe, vikatane kama wavu, kisha sugua. Panapobaki penseli ndipo penye bonde. Endelea mpaka mistari yote ifutike, chora tena, sugua tena; mistari ikifutika yote kwa pamoja, umefika. Fanya hivyo hata kama jiwe limetoka dukani leo. Kisha inamisha jiwe, usugue kingo zake zote ziwe na mteremko mdogo, maana kona kali ya jiwe inaweza kumega makali ya wembe kwa pasi moja tu. Mwisho suuza vizuri. Chembe moja ya msasa ikibaki kwenye jiwe la 12000, itachora mstari utakaouona kwa macho.

Sasa vinoo vyenyewe, kwa mpangilio wangu.

Cha kwanza kwangu ni Shapton Kuromaku, vinoo vya Kijapani, na sijifichi: ndivyo ninavyovipenda, na ndivyo nitakavyompa yeyote anayeniuliza. Ni vigumu. Vinalika polepole, kwa hiyo ukishavisawazisha vinabaki sawa kwa muda mrefu kuliko vinoo laini, na hapo ndipo pesa yangu inapokwenda. Havihitaji kulowekwa, unanyunyiza maji, unaanza. Boksi lake la plastiki ndilo kishikio chake. Rangi zinakusaidia usichanganye: 1000 ni ya chungwa, 5000 ni ya damu ya mzee, 12000 ni ya maziwa. Hivyo vitatu vinamtosha mtu mwenye wembe mmoja au miwili nyumbani. 8000 ni nzuri, inarahisisha safari ya kutoka 5000, lakini si lazima uanze nayo. Onyo moja: usivianike juani. Vikauke kivulini, taratibu, la sivyo vinaweza kupasuka.

Cha pili ni Naniwa Super Stone ya 12000. Kwa kumalizia, hisia yake chini ya wembe ni tamu, laini, kama unapitisha wembe juu ya sabuni kavu, na makali yake ni mpole kwa ngozi. Wengi wangeiweka ya kwanza. Mimi naishusha kwa sababu ya ulaini huohuo: ukikandamiza au ukigeuza wembe vibaya, makali yanalichimba jiwe, na inabidi uirudie mara nyingi zaidi kwa bamba la almasi.

Cha tatu, koticule ya Ubelgiji, jiwe la manjano linalochimbwa milima ya Ardennes. Kinachokata ndani yake ni vichembe vya madini ya ganeti. Unalisugua kwa kijiwe chake kidogo mpaka litoe tope kama maziwa, unanoa, kisha unaongeza tone la maji, unanoa tena, unaongeza tone jingine, mpaka umalize juu ya maji matupu. Jiwe moja linaweza kufanya karibu kazi yote. Lakini kila jiwe lina tabia yake, na hata mtu aliyezoea anahitaji siku nyingi kulielewa lake. Ukiwa unaanza, subiri.

Na hapa lazima niseme lililoniudhi kuliko hata bei. Wauzaji wanaandika namba kwenye mawe ya asili. "Jiwe la asili, 12000." Namba hizi ni za mawe ya kiwandani, ambako chembe huchujwa kwa ukubwa: kwa vipimo vya Shapton 1000 ni kama mikroni 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), 8000 ni kama 2, 12000 ni mikroni 1 na kidogo. Jiwe lililotoka ardhini halijachujwa na mtu. Unaweza kusema linafanya kazi kama jiwe la namba fulani, na hayo ni makadirio ya aliyelitumia, si kipimo. Muuzaji mmoja nilipomuuliza amepimaje, alinijibu kwamba wateja wengine hawaulizi. Kisha picha zao zote jiwe limelowa maji! Jiwe likilowa linang'aa, rangi inapendeza, na bonde halionekani kabisa. Siku hizi naomba picha moja tu: jiwe kavu, rula juu yake, mwanga nyuma. Wanaonitumia hawafiki nusu.

Cha nne ni Norton 4000/8000, kile cha pande mbili, kirefu na kipana, kilichowafundisha watu wengi kunoa wembe. Kinahitaji kulowekwa kama robo saa, na upande wa 4000 ni laini, unalika haraka. Bado utahitaji kitu cha 1000 chini yake.

Kuhusu matumizi, nitasema machache, kwa kuwa sehemu moja tu ndiyo inayowakwamisha watu: ile ya 1000. Wanaikimbia. Paka wino wa kalamu nzito kwenye mteremko wa makali, pande zote mbili, kisha pitisha wembe mara mbili au tatu. Angalia kwa kioo cha kukuzia. Wino ukibaki mahali, jiwe halijafika hapo, na hakuna 12000 duniani itakayopafikia. Kaa kwenye 1000 mpaka wembe unyoe nywele za mkono kuanzia kisigino hadi ncha, bila kuruka hata kidogo. Ndipo upande 5000, na ukae hapo mpaka mikwaruzo ya 1000 iishe kwenye kioo cha kukuzia. Kwenye 12000 acha uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi, pasi 20 au 30 kwenda na kurudi, makali yakitangulia. Wembe mwingi una urefu kama milimita 75 na Kuromaku ina upana wa 70, kwa hiyo sukuma kwa kuuvuta pembeni ili kila sehemu ipite juu ya jiwe. Ukifika mwisho, geuza kwa mgongo. Makali yasiguse jiwe wakati wa kugeuka. Kisha mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia, pasi 50.

Nimebakiza vinoo vya rangi mbili vya bei ya chini, vile vyenye namba kubwa na visivyo na jina la kiwanda. Sivipendekezi kwa wembe. Kile changu nilijaribu kukiokoa: nikachora penseli, nikasugua, nikachora, nikasugua. Upande wa 8000 ulikuwa utando tu juu ya ule mwingine. Rangi ya chini ilianza kuchungulia kwenye kona zote nne, na pale katikati mistari ya penseli ilikuwa bado ipo.