.C au .Call: njia mbili za kupeleka data kutoka R (lugha ya takwimu) hadi msimbo wa lugha ya C

Kwa .C, kila hoja hufika upande wa C ikiwa kielekezi (pointer, yaani anwani ya data kwenye kumbukumbu): namba za desimali ni double*, namba kamili na za kimantiki ni int*. Funksheni yako lazima iwe ya void (isiyorudisha thamani), na R hukurudishia orodha ya hoja zote. Urefu wa vekta haufiki wenyewe; upeleke kama hoja ya ziada. Kosa la kila siku ni kuandika 10 badala ya 10L (L huifanya namba kamili): R hupeleka double, C inasoma int, matokeo yanakuwa takataka bila onyo lolote. Funga kila hoja kwa as.integer() au as.double(). Thamani za NA (data inayokosekana) hukataliwa mpaka uweke NAOK = TRUE.

.Call hupeleka vitu vya R vyenyewe, aina ya SEXP (kielekezi cha kitu cha R), bila kuvinakili. .C hunakili kwanza, na kwa matriki kubwa gharama hiyo huonekana. Urefu unaupata kwa XLENGTH(x), data kwa REAL(x). Ila usiandike juu ya x: utabadilisha kigeu cha mwitaji kimyakimya. Tenga kipya kwa allocVector, na ukizungushie PROTECT (hukilinda kisifutwe) papo hapo, maana utengaji wowote unaofuata unaweza kumwamsha mfagia kumbukumbu (garbage collector), anayefuta vitu visivyolindwa. Idadi unayoipa UNPROTECT mwishoni ilingane na ya PROTECT. Hitilafu za kusahau PROTECT hujificha. Amri ya R gctorture(TRUE) huzifichua, japo polepole mno.

Kwa msimbo mpya, chagua .Call. .C inafaa pale C ya zamani tayari inapokea vielekezi vitupu.